Uzi: Kompyuta inayotazama picha ya ubongo na kutaja hatua ya Alzheimer. Nimeunda yangu, nikaifungua ndani

BintiWaUmoja:

Wadau, habari za jioni. Huu uzi ni mrefu. Nitauweka kwa mafungu, maana mama akiamka inabidi niinuke.

Majuzi kwenye grupu ya ukoo iliingia video. Kijana anapakia picha ya ubongo kwenye kompyuta, kompyuta inatafakari kidogo, inataja hatua ya Alzheimer, na chini pameandikwa "usahihi asilimia 99". Mjomba akaniandikia palepale: "Wewe si ndiye wa kompyuta? Peleka picha ya mama yako huko tujue amefika wapi." Kazi yangu ni data, mwaka wa sita sasa hapa Nairobi. Sikutaka kumjibu mjomba kwa maneno matupu. Nikaamua kuiunda hiyo kompyuta mwenyewe nione inavyokata shauri.

Lakini kwanza mama. Ana miaka 71. Ameshona sare za shule na blauzi za kina mama kwa zaidi ya miaka 30 katika kibanda chake Kariobangi. Mwaka juzi nilimkuta ameketi mbele ya blauzi ya mteja yenye mikono miwili ya kushoto. Ameitandaza mezani. Anageuza mkono mmoja ndani nje, anaurudisha, anaugeuza tena. Mwishowe akaikunja yote, akaisukuma chini ya cherehani, akaniambia mteja ameghairi. Na huyu ni mtu aliyekuwa akikata kitambaa kwa chaki na jicho tu, bila hata tepu.

Tukaenda hospitali, ambayo sitaitaja. Akapigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, tukapewa bahasha kubwa na CD. Ripoti ilikuwa na mistari minne: hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, ubongo umesinyaa kulingana na umri. Kulingana na umri! Maneno hayo matatu yalininyima usingizi.

BintiWaUmoja:

Fungu la pili. Niseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu bila hili hutaona kompyuta inatafuta nini.

Mwaka 1901, huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumfuatilia mgonjwa aliyeitwa Auguste Deter, mama wa miaka 51 aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akakuta mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua mabonge yale ni protini ya amiloidi, na nyuzi zile ni protini ya tau. Kwa miongo mingi baada ya hapo, uhakika wa ugonjwa ulipatikana mtu akishakufa.

Mwaka 1991 Heiko Braak na Eva Braak walieleza jinsi tau inavyosambaa kwa hatua sita. Huanzia sehemu ndogo upande wa ndani wa ubongo, usawa wa sikio hivi, jirani kabisa na hipokampasi. Hipokampasi ziko mbili, moja kila upande, zimejipinda kama farasi wa baharini, na jina lenyewe limetoka kwa samaki huyo. Hapo ndipo mambo mapya yanapoingia kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana mama anaweza kukusimulia harusi yake neno kwa neno na asijue kama amekunywa chai asubuhi.

Sasa sikilizeni vizuri. MRI ya kawaida haioni amiloidi wala tau. Inaona nyama iliyobaki: hipokampasi imepungua, mianya ya maji imepanuka. Ni kama kuona nguo imelegea mwilini ukajua mtu amekonda. Umejua amekonda, hujajua kimemkondesha nini. Wapo madaktari wanaokadiria kukonda huko kwa macho, wakitumia kipimo cha 0 hadi 4 kilichoelezwa na Scheltens na wenzake mwaka 1992. Kwenye ripoti ya mama hakuna aliyeandika hata tarakimu moja ya kipimo hicho.

Ya kuona amiloidi ni PET. Unachomwa sindano yenye kemikali inayong'ang'ania amiloidi na kutoa mnururisho. Mashine za PET Nairobi zipo, Aga Khan kule Parklands na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, lakini kazi yake kubwa ni saratani. Na kemikali zenye florini-18 hupungua nguvu nusu kila dakika 110. Anayeijua Thika Road saa kumi na moja jioni anaelewa kwa nini kitu kama hicho hakiwezi kuagizwa ovyo.

BintiWaUmoja:

Mama amelala tena. Fungu la tatu, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kompyuta hizi hujifunza kama mwanagenzi wa ushonaji. Unamwonyesha picha, unamwambia "huyu mzima", "huyu ameanza kidogo", anakisia, anasahihishwa, anakisia tena mara maelfu. Hakuna anayemwambia atazame hipokampasi. Anajitafutia mwenyewe dalili ya kumpa alama.

Picha nilizotumia ni zile ambazo wanafunzi wengi huzipakua Kaggle, tovuti ya kugawana data. Ni picha 6,400 katika makundi manne: wazima 3,200, walioanza kidogo sana 2,240, kiwango kidogo 896, na kiwango cha kati 64. Nikatenga sehemu ya picha kwa ajili ya mtihani, nikaiacha kompyuta ikafundishwa usiku kucha. Asubuhi ikanipa asilimia 98. Kwa kweli nilifurahi. Nilikaribia kumpigia mjomba.

Kisha nikafungua folda na kupitisha picha moja moja. Picha ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa kama ndugu pacha. Mkunjo uleule wa ubongo, doa lilelile pembeni. Ndipo nikakumbuka kuwa picha ya MRI si moja. Ubongo hukatwa kama mkate, vipande kwa vipande, na kila kipande ni picha yake.

Chukueni kikokotoo. 3,200 gawanya kwa 32 ni 100. 2,240 kwa 32 ni 70. 896 kwa 32 ni 28. Na 64 kwa 32 ni 2.

Kuna mkusanyiko maarufu wa utafiti uitwao OASIS, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Mkusanyiko wake wa kwanza una watu 416. Kati yao wenye demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili kama Alzheimer inavyofanya, ni 100: 70 wa kiwango kidogo sana, 28 wa kiwango kidogo, na wawili wa kiwango cha kati. Sabini, ishirini na nane, wawili. Mimi siamini kwamba hesabu hizo zimelingana kwa bahati. Naamini zile picha 6,400 ni watu 200, kila mmoja amekatwa vipande 32. Na "kiwango cha kati" cha kompyuta zote zile za asilimia 99 ni watu wawili. Wawili!

Ukichanganya vipande na kuvigawa kibahati, kipande cha 14 cha mtu kinaingia darasani na kipande cha 15 cha mtu yuleyule kinaingia kwenye mtihani. Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa hili. Ni mtihani uliovuja. Mtoto amepata A ya KCSE kwa sababu karatasi aliiona usiku wa kuamkia. Kompyuta haikuujua ugonjwa, ilizijua sura.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Paris lilipitia tafiti za aina hii na kuona kuwa zaidi ya nusu huenda zilikuwa na uvujaji wa namna hiyo. Tena tafiti zilizochapishwa, si video za WhatsApp.

Nikarudi kwenye OASIS yenyewe, ambako kila picha ina namba ya mwenyewe, nikagawa kwa mtu badala ya kipande. Alama zikaporomoka. Kuwatofautisha wazima na wagonjwa waliokwisha kuzidiwa, kompyuta inaweza kiasi. Kutofautisha "mzima" na "ameanza kidogo sana", ambako ndiko familia zetu zinakohitaji jibu, ikawa inababaisha. Hatua ya kati sikuweza hata kuipima: mmoja akiingia darasani anabaki mmoja wa kutahiniwa.

Mwanafunzi_Juja:

Dada, heshima kwako. Mradi wangu wa mwaka wa nne ni huohuo na data ni hizohizo, nimesoma hapa nikatoka jasho. Swali: nikiongeza picha za lile kundi dogo kwa kuzigeuza kushoto kulia, kuzizungusha kidogo, kuzififisha, si nitafikisha elfu kadhaa?

BintiWaUmoja:

@Mwanafunzi_Juja utafikisha, ndugu yangu, lakini watu watabaki wawili. Mpige mtu mmoja picha elfu akiwa amesimama, ameketi, amegeuka, hujapata ukoo. Na ukizizalisha kabla ya kugawa darasa na mtihani, unavujisha mara ya pili. Usitupe mradi. Badilisha swali. Gawa kwa mtu, toa alama ya kweli hata ikiwa ya chini, eleza kwa nini imeshuka. Msimamizi anayejua kazi atakuheshimu zaidi kwa hiyo. Ukihitaji watu wengi, omba ruhusa ya ADNI, mkusanyiko ulioanza mwaka 2004 huko Marekani na Kanada. Inabidi uandike maombi, lakini watafiti hupewa. Ila kumbuka waliojitolea wengi ni Wazungu waliosoma sana. Kama kompyuta imefundishwa kwao, usije ukaiapia kwa shosho wa Murang'a.

MpigaPichaWaUsiku:

Mimi ni mtaalamu wa picha, MRI, zamu ya usiku, hospitali moja hapa mjini. Niongeze yale ambayo watu wa kompyuta hawayaoni.

Picha za utafiti hukatwa nyembamba, kama milimita moja kila upande. Sisi kwa mgonjwa wa kawaida mara nyingi tunakata milimita 5, tena kunakuwa na nafasi kati ya kipande na kipande, kwa sababu foleni iko nje na mashine ni moja. Hipokampasi nzima ina urefu wa sentimita 4 au 5 tu. Kwa milimita 5 huwezi kupima ujazo wake ukaaminika. Kwa hiyo dada, ile CD ya mama hata ukiipakia kwenye programu nzuri ya bure kama FreeSurfer, huenda isikupe kitu cha kushika.

La pili ni kutulia. Mzee mwenye demensia anaingia ndani ya lile bomba, kelele zinaanza kama mtu anagonga mabati, anasahau kwa nini yumo, anageuza kichwa. Picha ikitikisika kidogo, jicho haligundui, lakini kompyuta inahesabu ubongo kuwa mwembamba kuliko ulivyo. Yaani mgonjwa mwenye wasiwasi anaweza kuonekana mgonjwa zaidi kwa sababu ya wasiwasi. Mimi humruhusu binti au mke aingie, baada ya kukaguliwa hana chuma, amshike mguu muda wote. Mguu tu. Anatulia.

Ushauri kwa wenye wazazi: kabla ya picha, mwombeni daktari aandike kwenye fomu kuwa anashuku demensia na anataka hipokampasi itazamwe. Fomu ikija na "maumivu ya kichwa", mtapata picha ya maumivu ya kichwa.

BintiWaUmoja:

@MpigaPichaWaUsiku asante sana kaka. Fomu ya mama iliandikwa "kizunguzungu". Sasa naelewa ile mistari minne.

MamaWaRuaka:

Mwanangu, nimesoma yote ingawa mengine yamenipita. Kanisani kwetu tuna wazee wengi. Hiyo kompyuta ikitengenezwa vizuri, si tungepima wazee wote mara moja?

BintiWaUmoja:

Shikamoo mama. Tufanye hesabu pamoja. Chukua wazee 1,000, tuseme 50 kati yao wanao ugonjwa kweli. Kompyuta ni nzuri: inawapata wagonjwa 9 kati ya 10, na inawaacha salama wazima 9 kati ya 10. Itawapata wagonjwa 45. Lakini wazima ni 950, na itawaambia 95 kati yao kwamba wanaugua. Wazee 140 wanarudi nyumbani na hofu, na zaidi ya nusu yao hawana kitu. Mzee mmoja akiambiwa hivyo, watoto wanaanza kumnyang'anya kadi ya benki. Ndiyo maana ni heri kuanza na yule ambaye nyumbani wameona mabadiliko.

Mpare_wa_Moshi:

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mlima. Huku wilaya ya Hai kuna kipimo kilichotengenezwa kwa wazee wasiosoma, kinaitwa IDEA. Hakina mashine. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno aliyosomewa mwanzoni, na apange njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Vipimo vya Ulaya humwambia mzee achore saa au aandike sentensi. Bibi yangu hakuwahi kushika kalamu. Angefeli akiwa mzima kabisa.

BintiWaUmoja:

@Mpare_wa_Moshi umenifikisha pale nilipokuwa naelekea. Fungu la mwisho.

Nilipofungua OASIS nikajiuliza: zile alama, "kidogo sana", "kidogo", "kati", aliziandika nani? Kompyuta inafundishwa kwa alama hizo, je, zilitoka kwenye picha? Hapana. Zilitoka kwenye kipimo kiitwacho CDR, kilichotengenezwa chuo hichohicho cha St. Louis, chenye alama 0, 0.5, 1, 2 na 3. Na CDR ni mazungumzo. Daktari anaketi na mgonjwa, kisha anaketi na mtu anayeishi naye. Anauliza mambo sita: kumbukumbu, kujua mahali na wakati, kukata shauri, shughuli za nje, kazi za nyumbani na mambo anayoyapenda, na kujihudumia.

Nilisoma hilo saa nane za usiku nikaacha kuandika. Ina maana kompyuta yote ile, pamoja na hesabu zake, inajaribu kukisia kwa kutazama picha kile ambacho binti au mume alimwambia daktari kuhusu jikoni kwao.

Nikatafuta daktari wa mishipa ya fahamu, nikamwomba aniulize mimi. Alituweka karibu saa nzima. Aliniuliza: bado anashona? Nikamwambia ile habari ya mikono miwili ya kushoto. Akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Alijua kuna kosa?" Nikasema alijua kuna kitu, hakujua ni nini. Akaniuliza kuhusu chenji, matatu, gesi, kuoga. Akaagiza damu ipimwe: vitamini B12, tezi ya shingoni, na mengine, kwa sababu kuna upungufu na maradhi yanayofanana na demensia na yanatibika. Ya mama yalikuwa sawa. Akamweka kwenye 1, yaani kiwango kidogo.

Picha ileile. Ilikuwa mezani muda wote, ndani ya bahasha.

Sisemi picha haina kazi. Picha ndiyo inayoondoa uvimbe na damu iliyoganda kwenye fuvu baada ya kuanguka, na wazee wengi hupona hiyo ikitolewa. Na mashine zikifundishwa kwa watu wa kutosha, wa kwetu, kwa mtihani usiovuja, zitawasaidia madaktari wa picha walio wachache kuona hipokampasi iliyopungua kabla haijaandikwa "kulingana na umri". Ninalitamani hilo kwa moyo wote. Lakini mtu akiniambia kompyuta yake imetaja hatua, nitamwuliza mambo mawili: uligawa kwa mtu au kwa kipande, na alama ulizofundishia alizitoa nani.

Kamau_wa_Githurai:

Pole kwa mama. Niulize bila kuudhi: ugonjwa hauna dawa ya kuponya. Kujua hatua kunasaidia nini? Baba yangu tulimwacha tu aishi kwa amani.

BintiWaUmoja:

@Kamau_wa_Githurai hujaniudhi hata kidogo, na pole kwa mzee. Ni kweli hakuna ya kuponya. Dawa ya lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, na ya donanemab mwaka 2024. Zote mbili huondoa amiloidi na kupunguza kasi tu. Kwenye jaribio la lecanemab la miezi 18, kushuka kulikuwa pungufu kwa asilimia 27 ukilinganisha na waliopewa dawa bandia. Na ni za waliomo hatua za mwanzo, zinahitaji uthibitisho wa amiloidi na MRI za mara kwa mara, kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kwa hiyo hatua ni mlango: ukifika umechelewa, umefungwa. Mwezi wa Mei 2025 Marekani iliruhusu pia kipimo cha damu cha kusaidia kutambua amiloidi, na mimi tumaini langu kubwa kwa Afrika liko hapo kuliko kwenye PET.

Ila kwetu faida ilikuwa ya karibu zaidi. Mama bado aliweza kusema shamba liende kwa nani, na akasema mbele ya wakili, kwa akili yake. Na majirani waliokuwa wakinong'ona wakaelezwa jina la ugonjwa. Unajua Kilifi na Kisii wazee wamewahi kuuawa kwa kuitwa wachawi. Mwanamke anayetangatanga usiku asijue kwake ni wapi, akiwa na jina la ugonjwa, analindwa.

MpigaPichaWaUsiku:

Dada, swali la mwisho kabla sijaingia zamu. Ile CD, uliipakia au hukuipakia? Na mjomba ulimjibu nini?

BintiWaUmoja:

Sikuipakia. Uliponiambia habari za milimita 5 nilikwenda kuhesabu vipande, na ni kweli, havitoshi.

Mjomba nilimwomba aje. Alikuja Jumamosi, akakaa na dada yake kutwa nzima. Jioni nikampa daftari ninaloandika kila siku kwa ajili ya kliniki, nikamwambia naye aandike aliyoyaona. Aliandika kwa Kiswahili chake cha shule ya zamani, kwa herufi kubwa: "AMESHONA KIFUNGO CHA SHATI LANGU. KIMESHIKA VIZURI. AMENIULIZA MARA TATU SHATI NI LA NANI."

Jumanne ijayo tunalipeleka kwa daktari.